Vitabu Alivyomchagulia Mkewe

Ame Vuai alipoacha kula chakula cha mkewe hakumweleza sababu. Alisema tu kwamba hana hamu. Masika alikuwa ametandika mkeka na kuweka sinia la wali na mchuzi wa changu, akamkaribisha, na mumewe akanyoosha mkono mpaka ukingoni mwa sinia, kisha akaurudisha na kuupangusa kwenye kikoi kama mtu aliyekwisha kushiba. Hilo peke yake lisingemtisha mwanamke aliyeishi na mume miaka mingi. Mtu hukosa hamu, na kesho yake hula. Kilichomtisha Masika ni macho. Ame alikuwa akimtazama anavyotafuna, tonge baada ya tonge, mpaka yeye naye akaona haya akaacha.

Nyumba yao iko Wawi, nje kidogo ya Chake Chake. Kila alfajiri Ame hupanda pikapu ya jirani yake Safari wakaenda Tumbe, akanunua samaki mnadani, akarudi kuwauza mjini. Masika huoka mikate ya mofa uani, na wanawake wa mtaani huja kuichukua kabla haijapoa. Binti yao Zulekha ameolewa Unguja. Walikuwa watu wawili wanaoishi vizuri, na watu walilijua hilo.

Lakini ukiuliza Tumbe Ame ni nani, hutaambiwa ni mchuuzi wa samaki. Utaambiwa ni yule bwana wa vitabu vya upelelezi. Wakati wenzake wakisubiri mashua zitie nanga, yeye husoma, na akimaliza humtafuta mtu wa kumpa. Humpimia kila mtu kitabu chake kama fundi anayepima kanzu. Wapenda vishindo huwapeleka kwa Athumani Mkwizu, ambaye kachero wake hatembei, hukimbia tu tangu ukurasa wa kwanza. Vijana huwapa Yohana Kisalawe, na huwaonya wasianze na kitabu cha kwanza. "Hapo Kisalawe alikuwa bado anajifunza," huwaambia. "Anza na cha tatu, pale Kachero Tindo anapopotelewa na jicho. Ukikipenda, ndipo urudi nyuma."

Waliokuwa na subira aliwapa Mwanaisha Ndoro, na huyo ndiye aliyempenda kuliko wote. Shujaa wa Ndoro ni Bi Nyange, mkunga mstaafu anayefumbua vifo bila kutoka jikoni. Hamna bastola katika vitabu vyake. Watu hufa wameshiba, katikati ya jamaa wanaowapenda, na muuaji huwa ni yule ambaye msomaji amekuwa akimwonea huruma tangu mwanzo.

Ni Ame mwenyewe aliyemtia Masika kwenye vitabu hivyo. Masika aliishia darasa la saba na alikuwa hajasoma hadithi tangu hapo. Msimu mmoja wa mvua, samaki walipoadimika, mumewe alimchagulia Ndoro wa kwanza, akamchagulia wa pili, na punde ikawa Masika anasoma mbele ya tanuri huku akisubiri mkate uive. Baada ya muda alimpita mwalimu wake. Alimjua muuaji katikati ya kitabu. Ame alijivunia jambo hilo mnadani kote. Alikuwa akisema mke wake ukimpa Ndoro humjua muuaji kabla Bi Nyange hajavaa miwani, na watu wakicheka, yeye akicheka zaidi yao.

Sasa alikuwa hacheki. Tumbo lilikuwa likimchoma chini ya kifua, kama mtu aliyemeza kaa la moto. Alikuwa amepungua, na kikoi alikifunga mara mbili kiunoni. Alikuwa pia na mgongo mbovu kwa sababu ya kubeba matenga ya samaki na barafu, na kwa ajili hiyo alinunua vidonge vya maumivu katika duka la dawa, akawa anavimeza kila alfajiri huko Tumbe kwa kahawa chungu, na tena mchana, na tena jioni mgongo ukimzidi. Hakuvificha. Vilikaa mfukoni pamoja na funguo. Ila hakupata hata siku moja kuviita dawa. Aliviita vya mgongo, na kwa kuwa vilikuwa vya mgongo, havikumjia akilini alipofikiria tumbo. Alipofikiria tumbo, alifikiria chakula. Na alipofikiria chakula, alimfikiria anayekipika.

* * *

Mufaddal ana duka la rangi na misumari mjini Chake Chake, na nyuma ya kaunta, pale ambapo wengine huweka kalenda, ameweka rafu ya vitabu. Yeye na Ame wamekuwa wakiazimana tangu ujana wao. Mkewe Mufaddal husema kwamba Ame akiingia dukani, mumewe huweza kuibiwa duka zima asijue.

Siku hiyo Ame aliingia akasalimia, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akakataa chai. Mufaddal alianza kumsimulia Mkwizu mpya aliyeletewa na shemeji yake kutoka Dar es Salaam, lakini mwenzake alimkata kauli.

"Ndoro ana kitabu ambacho sumu inakwenda pole pole?"

"Pole pole namna gani, yakhe? Mtu anaumwa wiki, au anaumwa mwaka?"

"Anapungua tu. Tumbo linamuuma, na hakuna anayejua."

Hakuna swali ambalo Mufaddal angefurahi zaidi kuulizwa. Aligeukia rafu, akawa anavuta vitabu kimoja kimoja na kuvirudisha, akisema hiki hapana, humu sumu imetiwa kwenye uturi, na hiki kizuri lakini muuaji ni mganga, utamjua mapema. Hatimaye akatoa kimoja chenye jalada lililochanika. Kilikuwa kinaitwa Uji wa Mgonjwa.

"Huyu ndiye Ndoro mwenyewe," alisema. "Mume anamshuku mke. Anamwambia kula wewe kwanza. Mke anakula, sinia moja, upande ule ule. Mume anaona haya, anakula. Na mume ndiye anayekufa."

"Kwa nini asife mke?"

"Alikuwa amejizoeza. Kidogo kidogo, mpaka mwili ukaikubali." Mufaddal alicheka kwa raha ya kazi iliyofanywa vizuri. "Lakini nakwambia kitu gani? Muulize Masika. Kitabu hiki kimekaa kwake muda mrefu kuliko kwa mtu yeyote. Alikirudisha juzi juzi tu, akasema ndicho bora katika mfululizo wote."

Kama Mufaddal angeutazama uso wa rafiki yake, huenda angenyamaza. Lakini alikuwa amegeukia rafu, anamtafutia kingine cha kusoma baada ya hicho. Ame alivichukua vyote viwili, akaaga, na alipofika mlangoni akasimama kumeza vya mgongo bila maji.

* * *

Jioni ile Masika alipika muhogo wa nazi, laini, kwa sababu aliona mumewe anakunja uso kila anapomeza kitu kigumu. Ame alikaa kitako mbele ya sinia akaiweka mikono yake mapajani.

"Kula wewe," alisema.

Masika akala. Alipoona mumewe hasogezi mkono, akaelewa nusu ya jambo, ile nusu ambayo mtu anaweza kuielewa na bado akabaki amekaa. Akanyoosha mkono mpaka upande wa Ame, akachota pale pale mbele yake, akala tena.

"Umeridhika, baba Zulekha?"

"Katika Uji wa Mgonjwa yule mke naye alikula," alisema Ame.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama walivyokuwa wakizungumza siku zote juu ya vitabu, yeye na mkewe, sauti ya chini, ya mtu anayekumbusha ukurasa. Masika alikaa na mkono wake ukiwa na nazi mpaka nazi ikamkaukia vidoleni.

Siku zilizofuata alijaribu kila njia aliyoweza. Alimwomba waende hospitali, na Ame akajibu kwamba kwa Kisalawe anayehimiza daktari huwa ndiye mwenye jambo lake. Alimwambia basi apike mwenyewe, naye atakaa ukumbini asiguse hata kijiko, na Ame akauliza ni nani atakayekuwa ameyateka maji. Alimwambia ale Tumbe, na kweli alijaribu, lakini tumbo lilikuwa limekwisha kukataa chakula chochote. Likamwaka hata kwa samaki wa kukaanga wa watu baki, naye akahesabu kwamba sumu imekwisha kuenea. Akaishi kwa kahawa na vidonge. Kadiri alivyoacha kula ndivyo maumivu yalivyozidi, na kadiri yalivyozidi ndivyo alivyoamini.

Mwisho Masika alivikusanya vitabu vyote vilivyokuwa nyumbani, akavifunga kwenye kanga, akavirudisha kwa Mufaddal. Aliporudi alimkuta mumewe amesimama mbele ya kabati tupu.

"Umevipeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe. Sivitaki tena humu ndani."

Ame alitikisa kichwa taratibu. Bi Nyange siku zote hutazama kilichoondolewa kuliko kilichobaki. Masika aliuona ule mtikiso, akajua unatoka kitabu gani, na akajua pia kwamba hana mlango wa kutokea. Akila, yupo aliyekwisha kula. Akilia, yupo aliyekwisha kulia. Akinyamaza, huyo ndiye mbaya kuliko wote. Kila jambo ambalo mke asiye na hatia angeweza kufanya, kulikuwa na mwandishi aliyekwisha kumpa mke mwenye hatia alifanye, na waandishi wote hao ni mumewe aliyemchagulia.

* * *

Mama yake Ame, Bi Ummkulthum, alikuja kutoka Wingwi na sufuria yake, jiko lake la mkaa, chumvi yake na mwiko wake. Hakuvificha vyombo hivyo. Aliviteremsha kwenye gari mbele ya baraza, kimoja kimoja, na wanawake waliokuwa wakisubiri mkate wakavitazama vikipita. Mgeni huletewa chakula na mwenyeji. Mama mkwe anayeingia na sufuria ameshasema yote, na hahitaji kumwambia mtu neno.

Aliliweka jiko lake upande wa pili wa uani, mbali na tanuri la Masika. Tangu siku hiyo uani mwa nyumba moja mkawa na mioshi miwili, na moshi hauna ukuta. Asubuhi ya pili mwanamke mmoja aliyezoea kuchukua mikate alituma salamu kwamba leo watakula mihogo. Mwingine alikuja, akaichukua, akaonekana akiiacha kwenye jiwe la kando ya njia, ambako kuku waliishughulikia. Masika aliendelea kuwasha tanuri. Aliogopa kwamba akiacha itasemwa ameacha kwa sababu amejulikana.

Bi Ummkulthum hakujua kusoma herufi za kizungu. Ame alikuwa amebakiwa na kile Uji wa Mgonjwa alichokificha chini ya mto, na mama yake alikitoa akakishika kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya mtegoni.

"Hiki ndicho kilichomfundisha?"

"Mimi ndiye niliyempa, mama."

"Ulimpa ili iweje?"

Ame alisema ni kitabu kizuri. Mama yake alimtazama mwanawe, kifua chake kilivyobonyea na mifupa ya mabega ilivyotokeza, akakirudisha kitabu chini ya mto kwa woga, kana kwamba kukitupa kungemdhuru zaidi.

Alimpikia uji wa mtama. Ame alikunywa kidogo, tumbo likamwaka, akausukuma. Akauliza maji yametoka mtungi gani. Bi Ummkulthum alikuwa ameyachota mtungini mwa Masika, kwa sababu hakuna mtungi mwingine, na aliposema hivyo mama na mwana walitazamana. Ndipo yule mama akasema kwamba itasomwa Halbadiri.

Kila mtu wa kisiwani anajua uzito wa neno hilo. Halbadiri husomwa penye dhuluma isiyo na shahidi. Hatajwi mtu. Huombwa tu kwamba aliyetenda, awe nani awaye, limrudie alilolitenda. Wapo wezi waliorudisha vitu vilivyoibwa kwa kusikia tu kwamba siku imewekwa. Na wapo majirani ambao, siku ikishawekwa, hukaa wakingoja kuona ni nani atakayevimba.

Masika alikuwa akichuja tui wakati mama mkwe alipokuja kumwambia. Hakukasirika. Alifuta mikono yake.

"Isomwe, mama," alisema. "Lakini nakuomba, mpelekeni hospitali kwanza. Halafu someni mtakavyo."

"Hospitali hawayaoni hayo, mwanangu."

Alimwita mwanangu kwa mazoea, neno likamtoka kabla hajalizuia. Akageuka upesi kwenda kwenye jiko lake.

* * *

Ilisomwa baada ya sala ya alasiri. Shehe Jecha alikuja na wasomaji wake kwa shingo upande, kwa maana alikuwa amewaozesha mwenyewe Ame na Masika. Masikio yake mazito yalikuwa yamesikia ya mtaani, na hakuyapenda. Barazani walikaa wanaume, uani wanawake, na wengi wa wanawake hao walikuwa bado na deni la mikate ya wiki iliyopita. Masika alikaa peke yake chumbani nyuma ya pazia. Hakuna aliyekwenda kukaa naye.

Shehe alivuta chetezo cha udi karibu, akasema kwa sauti ya kusikika ndani na nje kwamba jambo hili si mchezo. "Anayesomewa hatumjui. Itamwangukia mwenye kutenda. Akiwa ni mtu wa mbali, itamfuata huko. Akiwa yumo humu, ni humu humu. Ikishasomwa sina namna ya kuirudisha. Ame, unaridhia?"

"Naridhia."

"Na wa ndani?"

"Naridhia," ilisema sauti ya Masika. "Limrudie anayemtia mume wangu kitu tumboni."

Kisomo kikaanza. Majina ya masahaba yalikwenda yakifuatana, sauti za wasomaji zikipanda na kushuka pamoja, na moshi wa udi ukajaa barazani mpaka nyuso zikafifia. Ame alikuwa ameegemezwa kwenye mto. Kukaa wima muda mrefu kuliuamsha mgongo wake, na maumivu yakamshuka mpaka mguuni. Alijaribu kuvumilia kwa heshima ya kisomo. Kisha, taratibu, bila mtu kumtilia maanani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa vya mgongo, akavitia kinywani. Mama yake, aliyemwona akihangaika, alimsogezea kikombe cha maji. Akavimeza. Tangu jana yake alikuwa hajala kitu.

Shehe alikuwa karibu na mwisho Ame alipoinama mbele. Watu walidhani analia. Aliinuka, akashika nguzo, akatapika juu ya mkeka, na kilichotoka kilikuwa cheusi, kama machicha ya kahawa, halafu kikafuata chekundu kibichi. Wasomaji walinyamaza katikati ya neno.

Hapo palitokea jambo ambalo waliokuwepo hawapendi kulikumbuka. Mtu anatapika damu mbele yao, na macho yao hayakuwa kwake. Yalikuwa kwenye pazia.

Pazia likafunguka, Masika akatoka bila buibui, kanga imemponyoka kichwani, akapita katikati ya wanaume kama wasiokuwepo. Akapiga magoti kwenye ile damu akakishika kichwa cha mumewe.

"Usinishike," Ame alisema. "Usinishike wewe."

Hakumwachia. Alimwinua kichwa asipaliwe, akamwita Safari kwa jina, akamwambia alete pikapu mpaka kibarazani. Safari akatii. Bi Ummkulthum alikuwa amesimama ukutani, kikombe bado kikiwa mkononi mwake, anawatazama watu jinsi walivyoanza kukitazama kikombe.

* * *

Hospitalini walimwongeza Ame damu, na kesho yake wakampitisha mpira wenye taa kooni mpaka tumboni. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, anayezungumza pole pole kama anayewasomesha watoto. Alisimama miguuni pa kitanda, mama upande mmoja, mke upande mwingine, akauliza mgonjwa alikuwa akitumia dawa gani.

"Situmii dawa," Ame alisema.

"Hata ya kichwa?"

"Hata ya kichwa. Vile vya mgongo tu."

Daktari aliomba avione. Masika alivitoa katika mfuko wa shati lililofungwa pamoja na nguo zenye damu, akamkabidhi. Daktari aliligeuza lile karatasi lenye vidonge, likiwa karibu lote tupu, akamuuliza anameza vingapi, na tangu lini, na kwa chakula gani. Ame alijibu kwamba ni kwa kahawa. Akaeleza, kwa namna ya mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia, kwamba vidonge hivyo ni vya mgongo, na yeye anaumwa tumbo.

"Mzee wangu, tumbo halijui kama ni vya mgongo," daktari alisema. "Una kidonda, na hivi ndivyo vilivyokichimba. Kidonda chenyewe kinatibika. Lakini nataka kujua jambo moja. Ulikuwa ukivimeza bila kula?"

"Nilikuwa sili."

"Kwa nini?"

Bi Ummkulthum alikuwa akitazama sakafu, akiviringisha ncha ya kanga yake kidoleni. Ame alifumba macho. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamenyamaza kama wanavyonyamaza wagonjwa wanapopata kitu cha kusikiliza.

"Hakuwa na hamu," Masika alisema.

Daktari akaandika. Akasema angekuwa anakula vizuri nyumbani kwake huenda yasingefika hapa, akawataka wamhimize ale, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Baada ya muda Ame aliupapasa ukingo wa kitanda mpaka akaupata mkono wa mkewe, akaushika. Masika aliuacha ushikwe. Alisubiri aseme neno. Ame akamwambia ana kiu.

* * *

Bi Ummkulthum alirudi Wingwi na sufuria yake. Alimuaga Masika kwa kumwambia asiache kumpaka mgonjwa mafuta mgongoni. Wapo wakwe wasioweza kusema zaidi ya hapo, na Masika hakumtaka aseme.

Ya mtaani hayakuondoka na sufuria. Habari ya vidonge ilifika, kila mtu akaisikia, na watu waliiamini kwa namna wanavyoiamini redio. Lakini Halbadiri waliiona kwa macho yao. Ilisomwa, ikamwangusha aliyeiomba. Wengine walisema basi yule mama na kikombe chake. Wengi wakasema hapana, aliyesomewa ndiye mjanja, ameipokea nyuma ya pazia akaigeuza. Masika alikuwa akiwasha tanuri alfajiri, akioka mikate michache, na jua likipanda akiila yeye na mumewe. Walewale wanawake walimsalimia kwa upole mwingi kuliko zamani. Hawakumwomba kitu, wala hawakumpa.

Ame mwenyewe alinenepa. Rangi ilimrudia, na alianza kuzungumza habari ya kurudi Tumbe. Jioni moja Mufaddal alikuja kumtazama, akaleta zabibu na mwandishi mpya. Alikuwa hajui lolote la kile alichokifanya siku ile kwa rafu yake, na hakuna aliyemwambia. Walikaa barazani wakicheka. Mwandishi huyo, alisema Mufaddal, ni kijana wa Tanga, ana kachero kipofu, na lazima waanze na kitabu cha pili. Ame alimwambia kwamba Ndoro angekuwa na akili angekiandika kisa chake hiki, kwa maana hakuna msomaji ambaye angemgundua muuaji. "Anamtafuta nyumba nzima," alisema, "kumbe yumo mfukoni mwake." Mufaddal akacheka mpaka akafuta machozi. Masika, aliyekuwa akichambua mchele ukumbini, aliyasikia yote. Alisubiri kusikia kama jina lake litatajwa mahali popote katika kisa hicho. Halikutajwa.

Mgeni alipoondoka jua lilikuwa bado lipo. Masika alitandika mkeka akaleta sinia, wali laini na mchuzi wa pono, pilipili hakutia. Ame akakaa kwa furaha ya mtu mwenye njaa ya kweli. Alikuwa bado anasimulia habari ya kipofu wa Tanga, jinsi anavyowajua watu kwa miguu yao, na hali akisimulia, bila kukatiza, bila hata kumtazama mkewe, alilishika sinia kwa mikono miwili akalizungusha. Upande uliokuwa mbele yake ukaenda mbele ya Masika, na wa Masika ukaja kwake. Kisha akangoja, akiendelea kusimulia.

Masika aliutazama wali uliokuwa umemgeukia. Alikata tonge pale pale, akalichovya kwenye mchuzi, akala. Akala la pili. Ndipo mumewe akasema bismillahi, akanyoosha mkono, akala kwa pupa, akausifu mchuzi.

"Baba Zulekha," Masika alisema. "Kesho nitamwomba Safari anipeleke kwetu Kengeja."

"Vizuri. Ukawatembelee. Utarudi lini?"

"Sirudi."

Ame aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe usoni, akaona hakuna hasira wala machozi, akatafuta kingine chochote pale asikione. Masika alinawa mikono yake taratibu, akaipangusa, akainuka kwenda kuanua nguo. Mumewe alibaki mbele ya sinia na tonge lililokwisha kukatwa likiwa mkononi. Polepole akaacha kuutazama mlango aliopita mkewe, akaanza kulitazama tonge.